Kazi ya mtu haiuzwi: namna ya kujenga shirika la kutafutia watu kazi hapa Mugunga

Maneno yaliyotolewa mbele ya vijana wa Mugunga, mjini Goma, tarehe 1 Mei 2024, siku ya kazi



Asante kwa vijana wa kartie waliotuita. Mara nyingi sisi wa mouvement citoyen tunaitwa juu ya maji, juu ya barabara, juu ya usalama. Leo mulituita juu ya jambo lingine. Muko kikundi cha vijana na munataka kufungua shirika dogo la kutafutia watu kazi. Mwenye shantie, mwenye depo ao ONG akihitaji watu kumi na tano kesho asubuhi, anawapigia simu, nanyi munamtumia watu. Na mulituuliza swali hili: tufanye namna gani ili wale tutakaowatuma wajisikie kuwa na thamani, wasijisikie kama vile tumewauza?

Tunajibu mbele, kisha tutaeleza. Shirika la namna hiyo linaheshimu watu wakati linalipwa na yule anayehitaji wafanyakazi, kwa bei inayoonekana na wote, bila kutosha hata franka moja mu mfuko wa mfanyakazi. Mengine yote yanatoka pale. Mukikosea pale, hata mukiwanunulia watu T-shirt na kuwafanyia sikukuu kila mwisho wa mwaka, heshima haitakuwepo.

Tuanze na namna mambo iko leo. Mugunga inajua kambi tangu 1994, na baadaye tena wakati wa vita nyingine. Mu mwezi wa pili wa mwaka wa 2024, watu wa Sake na wa Masisi walijaa tena juu ya mawe haya ya volkano. Kila kambi inaleta taabu, lakini pia inaleta kazi: kuchimba vyoo, kujenga vibanda, kushusha mizigo ya malori, kuandika majina ya familia, kulinda usiku. Na upande wa mjini kuna shantie, kuna depo za sima, kuna hoteli, kuna kampuni za ulinzi. Kazi iko kidogo, mikono iko mingi. Na fasi yoyote mikono ni mingi kuliko kazi, mwenye kushika liste ya majina anageuka mfalme.

Huyo mfalme munamjua. Pengine ni kapita wa shantie. Pengine ni komisioneri anayesimama na simu mbili barabarani. Pengine ni shefu wa ekipe ndani ya mradi, na yeye mwenyewe ni mtoto wa hapa hapa. Mteja anatoa, tuseme, dola 5 kwa siku kwa kila mtu. Kijana anapokea 3. Akiuliza, anajibiwa: "Weye unajua nani alikuingiza? Ukitaka kesho urudi, achia wakubwa kitu." Hapa Congo jambo hilo liko mpaka na jina lake, tunaliita "opération retour". Na mwenye kukosa kitu cha kuacha anarudi nyumbani, nafasi yake inapewa mwingine asubuhi ileile.

Tufahamiane vizuri. Hatusemi kwamba kuunganisha mtu na kazi ni dhambi. Ni kazi ya kweli, tena ni kazi ya maana. Kijana wa Mugunga iko mbali na katikati ya mji, kama kilomita kumi. Akitoka asubuhi kutafuta kibarua, anaweza kumaliza feza ya usafiri wiki nzima pasipo kupata hata siku moja ya kazi. Na mwenye shantie naye hajui nani ni fundi wa kweli na nani anajiita fundi. Mwenye kujua pande zote mbili anapunguza taabu ya wote. Anastahili malipo. Ulizo ni moja tu: nani amulipe?

Ulizo hilo si la leo. Mwaka wa 1910, wakoloni Wabelgiji walifungua kule Katanga ofisi iliyoitwa Bourse du Travail du Katanga. Kazi yake ilikuwa kukusanya watu vijijini na kuwapeleka mu migodi, na mteja wake mkubwa alikuwa Union Minière. Watu wengi walipelekwa kwa nguvu ao kwa udanganyifu. Aliyepelekwa alihesabiwa kama kichwa kimoja mu hesabu ya vichwa vilivyoombwa. Ni dunia ya namna hiyo ilifanya Shirika la Kazi Ulimwenguni, ile tunaita OIT, liandike mwaka wa 1944 mu mji wa Philadelphia, Marekani, kwamba kazi ya mtu si bidhaa. Na mwaka wa 1997, mu Convention namba 181, OIT iliandika waziwazi juu ya mashirika kama hili munataka kufungua: shirika la binafsi la kutafutia watu kazi lisitoze mfanyakazi feza, iwe waziwazi ao kwa njia ya kuficha.

Tunarudia hayo maneno ya mwisho, kwa njia ya kuficha. "Feza ya fomu" ni njia ya kuficha. "Feza ya kukuandika mu liste" ni njia ya kuficha. "Lipa kwanza gileti na buti, kisha utaanza" ni njia ya kuficha. Kukata mshahara wa siku ya kwanza, eti ni asante ya shefu, ni njia ya kuficha. Shirika lenu likianza na fomu ya dola moja kwa vijana mia mbili, mutakuwa mumepata dola 200 bila kutafutia hata mtu mmoja kazi. Na siku hiyo mutajifunza jambo baya sana: kwamba kuuza tumaini kunalipa kuliko kutafuta kazi. Shirika lililojifunza hivyo halirudi nyuma.

Sasa tuingie mu sheria, sababu wakubwa wengi wanapenda tusiijue. Tuko na Code du travail, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Octoba 2002, iliyorekebishwa mwaka wa 2016. Si kitabu cha maprofesa peke yao. Ndani mwake muna mambo ambayo kibarua wa Mugunga anaweza kushika leo hii.

Jambo la kwanza ni siku 22. Kifungu cha 40 kinasema hivi: kama mtu anaajiriwa siku kwa siku, na amekwisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, ukimwajiri tena mbele ya ile miezi miwili kuisha, kontra yake inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Si kibarua tena. Njo maana pengine unaona mtu anarudishwa nyumbani siku ya 20 ao ya 21, anaambiwa "pumzika kidogo, tutakuita". Si huruma, ni hesabu. Shirika lenu lihesabu hizo siku waziwazi, liandike kila siku ya kila mtu mu daftari, na likifika 22 lisimkimbie mtu.

Jambo la pili ni saa. Sheria inasema saa 45 kwa wiki, na saa 9 kwa siku, zisipite. Mlinzi anayeingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, siku saba kwa wiki, amepita sana. Mukikubali mkataba wa ulinzi, hesabuni watu wa kubadilishana toka mwanzo, ndani ya bei. Musikubali bei ya watu wawili kisha mutume mmoja.

Jambo la tatu ni karatasi. Kila mara mtu analipwa, mwajiri anapaswa kumpa andiko linaloonyesha hesabu ya mshahara wake. Na akimaliza kazi, anapaswa kumpa cheti kinachosema alifanya kazi gani na muda gani, ile tunaita attestation de service. Vijana wangapi hapa wamefanya miaka minne ya vibarua, na mu CV yao hakuna hata mstari mmoja wa kuonyesha? Matangazo yote ya kazi yanaomba uzoefu. Uzoefu wanao, karatasi ndiyo hawana.

Jambo la ine ni mshahara wenyewe. Décret ya mwezi wa tano mwaka wa 2018 iliweka mshahara wa chini kabisa, SMIG, ku 7.075 franka kwa siku. Wakati ule ilikuwa inapita dola 4. Mwaka wa 2024 feza ileile haikufikia hata dola 3. Bei ya unga haikungojea décret. Kwa hiyo mtu akiwaambia "ninalipa kama sheria inasema", mujue kwamba sheria hapo ni chini ya nyumba, si dari. Shirika linalosema linaheshimu watu haliwezi kujificha nyuma ya SMIG.

Na tuongeze hili juu ya wale wakubwa wanaosema: "Mimi sijui, muulize yule niliyempa kazi." Code inamjua mtu huyo wa katikati, inamwita tâcheron. Kazi ikifanyiwa ndani ya shantie ya mwenye kazi, na tâcheron akashindwa kulipa watu, mwenye kazi anaingia mu fasi yake na analipa. Mwandike hivyo mu mikataba yenu, na muwaambie wafanyakazi wenu. Mtu akijua nani atamujibu siku feza imekosa, tayari anasimama tofauti.

Tumemaliza sheria. Twende ku hesabu, sababu heshima isiyo na hesabu inakufa mwezi wa pili.

Tuchukue mfano. Munataka mfanyakazi apate dola 5 kwa siku, mikononi. Juu yake kuna CNSS: sehemu ya mwajiri ni 13 kwa mia, ni senti 65. Kuna INPP, 3 kwa mia kwa kampuni ndogo ya binafsi: senti 15. Glavu, buti, sabuni, tuweke senti 30. Sehemu ya shirika lenyewe, tuweke senti 60. Jumla ni dola 6 na senti 70. Mfanyakazi naye ana sehemu yake ya CNSS, 5 kwa mia ya mshahara. Semeni mbele kama ile dola 5 ni mbele ya kukata ao nyuma ya kukata, na muandike. Mukisema ni nyuma, bei ya mteja ipande kidogo.

Hiyo faktire ya dola 6,70 mumuonyeshe mteja mstari kwa mstari. Kisha muitundike ku mlango wa biro yenu, wafanyakazi waione. Ni jambo dogo, lakini kwa mawazo yetu ni lenye kubadilisha mengi. Kapita anaishi kwa giza: mteja hajui mfanyakazi anapata ngapi, mfanyakazi hajui mteja anatoa ngapi, naye anasimama katikati peke yake na kibiriti. Siku wote wawili wanaona karatasi moja, "opération retour" inakosa fasi ya kulala.

Mutatuuliza: senti 60 itatosha nini? Watu 20 wakifanya siku 22, inafika dola 264 kwa mwezi. Inaweza kulipa chumba cha biro, simu, usafiri wa mwenye kufuata watu ku shantie, na mshahara mdogo wa mwenye kushika daftari. Haijengi nyumba ya gorofa kando ya ziwa. Anayetaka gorofa kwa watu 20, ajue itatoka ku migongo yao, hakuna fasi ingine.

Na sasa hatari kubwa, ile inayoua mashirika mengi hata yenye roho nzuri: kuchelewa kwa mteja. Wale watu 20 kwa siku 22 kwa dola 5 ni dola 2.200. Mteja anasema atalipa kiisha siku thelathini, pengine sitini. Mfanyakazi anakula leo. Kama hamuna ile 2.200 pembeni, mutafanya nini? Mutamwambia "ngoja mteja". Na hapo, rafiki zetu, mutakuwa mumemfanya kibarua wa Mugunga benki ya mteja tajiri. Atakuwa anamkopesha feza bila faida, na watoto wake wanalala njaa.

Kwa hiyo tunawashauri mambo matatu. Muanze wadogo. Watu 5, siku 6, dola 5, ni dola 150 kwa wiki. Hiyo kikundi chenu kinaweza kuiweka pembeni kwa njia munazozijua, likelemba ao AVEC ya kartie. Mulipe kila wiki, siku ileile, saa ileile, mteja amelipa ao hajalipa. Kisha muombe avansi mbele ya kutuma watu wengi. Mteja anayekataa kutoa avansi hata kidogo, na anataka watu 30 kesho, mumwambie hapana. Ile hapana itawauma. Lakini hamutatuma watu 30 mu shimo. Na jambo la tatu: musipokee watu wapya mbele ya sanduku kuwa na mshahara wao wa wiki mbili. Ukubwa wa shirika upimwe ku sanduku, usipimwe ku namba ya majina.

Tufike ku liste ya majina, na hapa tunaomba wanaume musikilize vizuri.

Munakumbuka Ebola. Ilitangazwa hapa Nord-Kivu tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020. Feza nyingi iliingia, kazi nyingi zikafunguliwa mara moja: wa kupika, wa kufagia, wa kuendesha gari, wa kupita nyumba kwa nyumba. Mwaka wa 2020, uchunguzi wa waandishi wa habari ulisikiliza zaidi ya wanawake 50 mjini Beni. Walieleza namna wanaume wa mashirika walivyowaomba mwili ili wapate kazi ao wasifukuzwe. Tume huru iliyoundwa na OMS ilitoa ripoti yake tarehe 28 Septemba 2021: watu 83 waliotuhumiwa, na 21 kati yao walikuwa wafanyakazi wa OMS. Hao dada zetu hawakuomba mengi. Waliomba kufagia na kupika.

Wengine wanasoma ripoti ile na kusema: walikuwa watu wabaya. Ni kweli. Lakini sisi tunaangalia pia mlango walimopitia. Mlango ule ni mwanaume mmoja, peke yake, mwenye uwezo wa kuandika jina ao kulifuta, bila liste ya kuonekana, bila mtu wa kumuuliza. Mlango ule uko wazi hata leo mu kambi na mu shantie. Na shirika lenu, musipojilinda, litakuwa mlango mwingine wa namna ileile, hata kama nyote muko watoto wa kanisa.

Basi liste itundikwe. Nafasi zikiwa 15 na waliojiandika ni 90, na kazi haiombi ufundi, mupige tombola mbele ya watu wote, mchana, na mwenye kukosa leo awe mbele mara ijayo. Kama kazi inaomba ufundi, muweke jaribio linaloonekana: fundi ajenge ukuta wa mawe, dereva aendeshe, mwandishi aandike. Wanaochagua wawe watatu, na mmoja wao awe mwanamke, tena mwenye sauti, si wa kupamba meza. Na kuwe na mtu wa nje ya shirika, mama mwenye kuaminiwa ku kartie, ambaye mfanyakazi anaweza kumpelekea malalamiko bila kupita kwa shefu. Jina lake liandikwe pale pale penye liste.

Kuna jambo lingine la Mugunga ambalo hatuwezi kuruka. Wenyeji wanasema: "Kazi zote zinapewa wakimbizi." Wakimbizi wanasema: "Kazi zote zinapewa wenyeji, sababu wanajuana na mashefu." Wote wawili wana njaa, na mwenye kushika liste anafurahi kuona wanagombana wao kwa wao. Tunaomba shirika lenu liseme toka siku ya kwanza ni nafasi ngapi kwa wakaaji na ngapi kwa waliokimbia, kwa makubaliano ya pande mbili, na liandike hivyo. Kabila la mtu lisiulizwe. Kijiji alikotoka kisimpe kazi, kisimnyime kazi.

Mumeona tumesema mengi pasipo kusema neno "kuthamini". Sasa tulitaje. Mtu anajisikia kuwa na thamani wapi? Kwa yale tunayosikia kwa vibarua wenyewe, ni mu mambo madogo. Kuitwa kwa jina lake, si "weye wa gileti". Kuambiwa jana jioni kwamba kesho hakuna kazi, si kuambiwa asubuhi akiwa tayari ametembea mpaka shantie. Akiangukiwa na jiwe mguuni, mtu wa shirika anamfikisha hospitali siku ileile na anamtembelea, na siku yake haikatwi. Akifiwa, nafasi yake inamngojea. Mama mwenye kunyonyesha anapewa muda. Akisema "hapa tunafanya vibaya", anasikilizwa, na kesho jina lake bado liko mu liste. Hii ya mwisho ndiyo mtihani mkubwa. Fasi ambapo mwenye kulalamika anapotea mu liste, zile zingine zote ni maneno ya kupaka rangi.

Wengine mumetuuliza shirika liwe la namna gani mbele ya sheria. Tunawapa wazo, nyinyi mutachagua. Inchi yetu iko mu OHADA tangu 2012, na sheria ya OHADA juu ya koperative inakubali koperative ndogo ianze na watu 5. Mu koperative, mfanyakazi anaweza kuwa mwanamemba, na kila mwanamemba ana sauti moja, ameleta dola 10 ao 100. Ina taabu zake: mikutano mirefu, na pengine wote wanataka kuwa prezida. Lakini ina faida moja ambayo kampuni ya mtu mmoja haina. Wale wanaotumwa shantie ndio hao hao wanaoangalia daftari ya feza. Na kuna pia sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017, inayoachia kazi ya sous-traitance kampuni zenye mtaji wa Wakongomani. Mlango uko. Angalisho moja tu: mkubwa mmoja akija na kusema "nitaleta mtaji, nyinyi mutoe majina", mukatae. Sheria ile haikuandikwa ili vijana wa Mugunga wageuke pazia la mtu.

Sasa maneno yetu kwa wale wasiokuwa hapa, na tutayaweka mu ukurasa wetu ili yawafikie.

Kwa Inspection du Travail: tunaomba mushuke mpaka Mugunga, ku shantie na ku kambi, mufungue madaftari ya vibarua na muhesabu siku 22. Ofisi inayongojea kibarua aje kulalamika mjini, kwa feza ya usafiri ambayo hana, haijamlinda.

Kwa ONEM, ofisi ya serikali ya kazi: liste za nafasi zitundikwe hata huku, ku biro ya kartie, si ku ukuta wa ofisi za mjini peke yake.

Kwa ONG na mashirika makubwa yanayofanya kazi mu kambi: mukimpa mtu wa katikati kazi ya kuleta vibarua, muandike mu mkataba mfanyakazi apate ngapi mikononi, kisha muulize wafanyakazi wenyewe, bila shefu kusimama pembeni. Bei ya chini kuliko zote mara nyingi ni bei iliyokatwa ku mshahara wa mtu. Munajua kuhesabu, hamuwezi kusema hamukuona.

Na kwa nyinyi vijana wa kikundi: hatukuja kuwapa feza, hatuna. Tulikuja kusimama nanyi. Mukiwa tayari, tutakaa pamoja tuandike mkataba wa kwanza kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, ili anayetia sahihi ajue anatia sahihi nini. Tutasoma Code du travail pamoja, kifungu kwa kifungu, kila posho jioni, kwa yeyote anayetaka, hata asiyejua kusoma, sababu kusikia kunatosha. Na kiisha miezi sita tutarudi hapa hapa, tutaomba daftari ifunguliwe mbele ya wafanyakazi, na wao ndio watasema kama jina la shirika linafanana na kazi yake. Mukiwa mumekula feza yao, tutalisema waziwazi kama tunavyolisema kwa wengine. Munatujua.

Tuko wengi humu ndani na hewa ni kidogo, tunajua. Tunawapa sasa neno. Tunaomba tuanze na wale waliofanya kibarua wiki hii: mulilipwa ngapi, nani aliwalipa, na mulibakia na ngapi?